Sophie Kanza, waziri katika inchi ambamo mwanamuke hakupiga kura

Bandugu, tangu Judith Suminwa aitwe Waziri Mukuu, tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka 2024, mwanamuke wa kwanza katika historia yetu, tunasikia kila siku: «Dada zetu wamepata mufano.» Sawa. Lakini mufano wa nini? Wa kupata kiti? Turudi nyuma kidogo, kwa Sophie Kanza, juu yeye njo alifungua ule mulango.

Alizaliwa 1940. Wakati ule shule ya wasichana ilikuwa zaidi mambo ya nyumba: kushona, kupika, kulea mutoto. Hata hapa kwetu, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville, Union Minière ilikuwa na foaye zake kambini, bamama bibi za wafanyakazi wanafundishwa mambo hayo hayo. Uchaguzi wa mwezi wa 5 mwaka 1960, ule uliomupandisha Lumumba, ni wanaume tu walipiga kura.

Katika hali hiyo Sophie anamaliza sosiolojia pale Lovanium mwaka 1964, mwanamuke wa kwanza Mukongomani kupata diploma ya iniversite. Mwezi wa 10 mwaka 1966, Mobutu anamuingiza serikalini, Mambo ya Kijamii. (Mwaka ule ule muji wetu ulichukua jina la Likasi.) Haki ya kupiga kura, wanamuke waliipata na Katiba ya 1967. Fikirieni: anaketi pamoja na mawaziri, na hana hata kura moja!

Tusimufanye malaika. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa mukubwa katika ABAKO na kaka yake Thomas alikuwa katika serikali ya Lumumba. Mutoto wa mufanyakazi wa Panda ao Kikula angepita wapi? Akili alikuwa nayo, hapana mashaka, lakini sisi wa agronomia tunaangalia mbegu na tunaangalia udongo pia.

Kuko jambo zito zaidi. Tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 1966, Mobutu alinyonga wanasiasa wane mbele ya watu wote kule Kinshasa, mumoja wao Évariste Kimba, mutu wa Katanga. Miezi michache baadaye Sophie anakubali kazi. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, waaskari wanapiga risasi wanafunzi wa Lovanium, iniversite yake mwenyewe. Anabaki serikalini mpaka 1970. Watu watasema: nani angemukatalia Mobutu? Mimi jibu hilo halinitoshi. Wale wanafunzi walikuwa wa umri wetu, na walimukatalia.

Basi tumutupe? Hapana. Kisha kutoka serikalini alirudi kusoma, akafika mpaka udaktari wa Harvard. Kwangu mimi njo pale namuhesabia. Kiti cha 1966 alikipewa na mutu mumoja, na mutu huyo aliweza kukichukua siku yenye anataka. Diploma ya 1964 aliitafuta mwenyewe, katika inchi yenye ilikuwa inamufundisha kushona, na hakuna ordonansi ya raisi yenye iliweza kuiondoa.

Dada zetu wa Likasi wenye munataka kuingia siasa, tuambieni hapa chini: ninyi munamuhesabia mwaka gani, 1964 ao 1966?