Mfalme wa Uajemi Ndani ya Hundi

Kijana wa Dar es Salaam akikwambia "nitakucheki jioni", ujue atapiga simu au atapita nyumbani. Fundi gereji akiombwa aicheki injini, hangoji maelezo, anafungua boneti. Mhasibu wa Nairobi huandika cheki, ambayo kitabuni tunaiita hundi, benki ikamlipa mwenye jina. Na ule mchezo wa drafti unaochezwa barazani kwa vizibo vya soda, Wamarekani wanauita checkers. Yote hayo ni ya ukoo wa neno moja la Kiingereza, check, na neno hilo asili yake si Uingereza hata kidogo. Ni cheo cha mfalme wa Uajemi: shah.

Cheo hicho kilisafiri ndani ya mchezo wa sataranji. Mchezo wenyewe ulianzia India, ambako kufikia karne ya 6 ulijulikana kwa jina la chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 wakaurithi na kuuita shatranj, na ndipo sisi tulipopata sataranji. Mfalme wa ubaoni hakubadilishwa jina; alibaki shah, na katika Kiswahili akawa shaha. Kanuni ya adabu ilimtaka mchezaji anayemtishia mfalme wa mwenzake atangaze kwa sauti: "Shah!" Tangazo hilo likitoka, mipango mingine yote inasimama. Mwenzake hana ruhusa ya kufanya lolote ila kumwokoa mfalme wake.

Akishindwa kumwokoa husemwa "shah mat". Wanaojua Kiarabu husikia humo neno la mauti, wakafasiri kwamba mfalme amekufa. Lakini katika Kiajemi mat ni mtu aliyeishiwa, asiye na la kufanya, na maana hiyo inaoana zaidi na mchezo, kwa kuwa mfalme wa sataranji hauawi kamwe. Hubanwa tu, mchezo ukaishia hapo.

Kupitia Hispania na Sicilia, ambako Waislamu na Wakristo waliishi pamoja, sataranji iliingia Ulaya ya Kilatini yapata mwaka 1000. Kwa Kilatini kete ikawa scaccus, na kwa Kifaransa cha kale eschec. Waingereza wakachukua umoja wake ukawa check, na wingi wake ukawa chess, jina la mchezo wote.

Tangazo la ubaoni ndilo lililozaa maana ya kwanza nje ya mchezo, nayo ilikuwa kuzuia. Katika karne ya 14 Mwingereza aliyesema check alimaanisha kumkatiza mtu, kumkemea, kumfunga breki. Maana ya kukagua ilichelewa mno, ikazoeleka kuanzia karne ya 17. Mfuatano huu ni wa kuzingatiwa, maana wengi wetu tunadhani neno hili lilianza kwa kutazama, kuzuia kukaja baadaye. Lilianza kwa kuzuia. Mkaguzi alipewa kazi ya kutazama ili wizi usipite.

Neno liliingia Uingereza kwa mlango mwingine pia, nao ni ubao wenyewe. Ubao wa sataranji kwa Kilatini ni scaccarium. Katika enzi ya Mfalme Henry I, yapata mwaka 1110, Roger, askofu wa Salisbury, alisimamia ofisi ya hesabu iliyokutana mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwishoni mwa Septemba. Maofisa wa mfalme kutoka kila wilaya waliitwa kueleza kodi waliyokusanya. Richard FitzNigel, aliyekuwa mweka hazina, aliandika miaka ya 1170 kitabu kinachoeleza chumba hicho kwa undani wa kupendeza. Palikuwa na meza ya futi 10 kwa 5, yenye ukingo wa vidole 4 ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shubiri. Kila safu ilikuwa na thamani yake: peni, shilingi, paundi, ishirini ishirini, mamia, maelfu. Karani alipanga vihesabio juu ya safu hizo, upande mmoja deni, upande mwingine kilicholipwa, kisha akatoa.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hesabu ilifanyika hadharani. Tarakimu za Kirumi hazifai kujumlishia, na wengi wa maofisa hao hawakujua kusoma. Lakini kila mtu aliona ni vihesabio vingapi vimebaki mezani. FitzNigel mwenyewe alifananisha kikao hicho na pambano la sataranji kati ya mweka hazina na ofisa anayedaiwa. Kwa sura ya kitambaa kile, ofisi ikaitwa Exchequer, na hadi leo Waziri wa Fedha wa Uingereza ana cheo chenye jina hilo.

Risiti zao zilikuwa vijiti. Paundi 1,000 ilikatwa pengo nene kama kiganja. 100, kama kidole gumba. 20, kama kidole cha mwisho. Paundi 1, kama punje ya shayiri iliyoiva. Kijiti kilipasuliwa katikati, kila upande ukabaki na kipande chake, na siku ya hesabu vipande viliunganishwa kuona kama mapengo yanalingana. Utaratibu huo ulidumu hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 marundo ya vijiti vya zamani yalitiwa katika tanuri za jengo la Bunge, London, moto ukazidi, na sehemu kubwa ya Bunge ikateketea usiku ule.

Cheki ya benki ni mtoto wa milango yote miwili. Agizo la malipo la paundi 400 lililoandikwa kwa mkono London mwaka 1659 limehifadhiwa hadi leo, ila wakati huo halikuitwa check. Mwanzoni mwa karne ya 18 jina hilo lilikuwa la kile kipande kinachobaki kitabuni ili kumzuia mghushi, kazi ileile ya nusu ya kijiti. Baadaye likahamia kwenye karatasi yote, na katika karne ya 19 Waingereza wakaanza kuliandika cheque, wakifuata sura ya Exchequer. Wamarekani wakabaki na check.

Wapo wanaoshikilia kwamba cheque ni sakk ya Kiarabu, yaani hati ya malipo au deni. Sioni kwamba tahajia ya Kiingereza inawaunga mkono. Lakini kuhusu karatasi yenyewe wana haki kamili. Katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal alisimulia kwamba huko Awdaghust, kusini mwa Sahara, aliona sakk ya deni la dinari 42,000, lililohusu mfanyabiashara wa Sijilmasa, ng'ambo ya jangwa. London ilikuwa bado mbali sana na mambo hayo. Pwani yetu nayo haikungoja benki za Waingereza: hundi ni neno la Kihindi, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar walikuwa wakitumiana karatasi hizo na Bombay na Kutch.

Kitambaa cheusi cha Askofu Roger kimefika hata Kenya. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaagiza Mfuko Mkuu wa serikali uwekwe Benki Kuu katika akaunti iitwayo National Exchequer Account. Na kwa mujibu wa Katiba ya 2010, fedha haitolewi humo mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, naye haruhusiwi kuidhinisha kama hajaridhika kwamba sheria inakubali.