Daftari la Madeni na Bwana Codd

Dukani kwa baba, Ngamiani, Tanga, daftari la madeni lilikuwa moja, ila mteja mmoja aliandikwa mara tatu: Mama Asha, Bi Asha, Asha wa barabara ya 12. Kila jina na deni lake! Tuligombana naye bure.

Ugonjwa huohuo, kwa ukubwa wa mashirika, ulimshughulisha Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM, San Jose, Marekani. Mwaka 1970 alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali bila kurudiwarudiwa, yaunganishwe kwa ufunguo, mathalani namba ya mteja. IBM wenyewe walijivuta kulitumia wazo hilo. Programu ya Oracle, iliyolifuata, ikawatangulia sokoni mwaka 1979.

Mimi nilimpa Mama Asha namba 14. Deni likabaki shilingi 3,200, nusu ya tulilomdai.