Mashua na jahazi: vyombo vilivyotumika katika pwani ya Mtwara

Mashua na jahazi ni vyombo vya mbao vya tanga ambavyo mnunuzi wa chombo kilichotumika hukutana navyo pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Sudi na Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma. Vyote hubeba tanga kwenye foromali ndefu na vyote hukatwa bapa upande wa tezi. Mashua kwa kawaida ina urefu wa mita 6 hadi 10. Jahazi huanzia mita 12 na kuendelea.

Vipimo

Urefu hudanganya jicho. Jahazi la mita 15 likiegeshwa kando ya mashua ya mita 9 halionekani hata kuwa refu maradufu. Lakini kama maumbo yanalingana, ujazo wake ni mara 4.6 hivi, maana upana na kina vimeongezeka pamoja na urefu. Eneo la mbao za kupaka na kukalafati ni mara 2.8. Kasi haikui kwa kiwango hicho, kwa sababu kikomo chake hufuata kipeuo cha pili cha urefu unaogusa maji: kwa hesabu hiyo mashua hukomea noti 7 hivi na jahazi noti 9, na safari nyingi hazifiki huko. Anayenunua jahazi ananunua nafasi ya mzigo, na nafasi hiyo ikikaa tupu lazima ijazwe farumi ya mawe au mchanga ili chombo kisilale.

Mabaharia ndio gharama isiyoonekana siku ya kununua. Mashua huongozwa na watu wawili au watatu. Kupindua tanga la jahazi, foromali ikizungushwa mbele ya mlingoti upepo ukivuma, kunataka mikono mingi zaidi, na kila mkono unataka posho.

Maji ya Ruvuma

Pwani hii ina bandari yenye kina kirefu cha asili, Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache baadaye. Kusini yake mambo hubadilika: miamba, mikoko, na mafungu ya mchanga yanayohama kwenye mlango wa mto. Mpelelezi David Livingstone aliyapima mambo haya kwa hasara. Mwaka 1861 aliingia Ruvuma na meli ndogo ya mvuke, Pioneer, iliyohitaji kina cha maji cha mita moja na nusu hivi; baada ya maili 30 hivi maji yalianza kupungua akalazimika kurudi. Mwaka uliofuata alikwenda kwa mashua za makasia akafika maili zaidi ya 150. Mwaka 1866 alishindwa kuteremsha ngamia wake kwenye tope la mikoko la mlangoni, akaenda kushukia Mikindani.

Kanuni haijabadilika tangu hapo. Mashua huingia vijito kwa maji ya kujaa, hupwelewa mchangani bila madhara, na huweza kutumia umande wa alfajiri ndani ya miamba. Jahazi lililosheheni husubiri bamvua, au hutia nanga mbali na kupakuliwa kwa vyombo vidogo. Zaidi ya hayo, mkondo wa bahari kutoka hapa huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi kwenda Kilwa ni rahisi. Kurudi kunangoja kaskazi, na chombo kikubwa kikingoja hula fedha.

Kukagua chombo kikuukuu

Hapa ndipo mnunuzi anapookoa au kupoteza mali yake, na rangi mpya isimvutie. Aanze na mkuku, chombo kikiwa kimepwelewa. Mkuku ulioliwa na mnyoo wa baharini huonekana mzima kwa nje, ila ncha ya kisu huzama humo bila kusukumwa. Kisha agonge mbao kwa nyundo ndogo, moja baada ya nyingine: ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu, uliooza hutoa mlio butu. Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari huonyesha kuwa chuma kimeanza kuachia mataruma. Mataruma yenyewe mara nyingi ni ya mlilana, na mikoko ni msitu unaolindwa na serikali, kwa hiyo kubadilisha taruma kumi ni shughuli ya vibali kabla ya kuwa shughuli ya shoka.

Chombo kilichokaa nchi kavu kitavuja siku ya kwanza kushushwa. Hilo si kasoro. Mbao zinahitaji kunywa maji na kuvimba. Kikiendelea kujaza ngama baada ya siku chache, kalafati imekufa au misumari imelegea. Tanga na jarari hukaguliwa mwisho, kwani hubadilishwa kwa urahisi.

Soko na sheria

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, pamoja na lami iliyofuata, lilihamishia kwenye malori mzigo mwingi uliokuwa wa majahazi. Mapigano ya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji, tangu mwaka 2017 yamezifanya safari za Palma na Mocímboa da Praia kuwa za hatari. Ndiyo maana jahazi kuukuu linaweza kuuzwa kwa bei inayoshawishi. Usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na uvuvi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, una masharti yake. Mnunuzi adai hati za umiliki na ukaguzi kabla ya kutoa malipo.

Kwa kazi kati ya Mikindani, Msangamkuu na mlango wa Ruvuma, mashua ya mita 8 au 9 yenye mkuku mzima ndiyo ya kununua. Jahazi linamfaa mwenye mzigo wa uhakika wa kwenda na kurudi. Asiye nao asilinunue hata likiwa rahisi.