Mfuko wetu ulitoka wapi



Katika mkutano uliopita kijana mmoja aliuliza: "Hii mambo ya kisanduku, ni bazungu balituletea?" Watu walicheka, lakini swali lake si la kucheka. Tulienda kuuliza wazee, tukaangalia na kaye zetu za zamani, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kusaidiana kwa zamu ni kitu cha zamani kwetu. Likelemba kila mtu anaijua: watu kumi wanatoa kila mmoja kiasi kilekile, mmoja anakula leo, mwingine anakula kesho, mpaka zamu inazunguka. Kwenye kilio pia, hakuna aliyengoja projet ili alete kuni, unga ao ndagala. Tofauti ni kwamba wazee wetu hawakupenda kuweka feza. Na walikuwa na sababu. Desemba 1979 serikali ya Zaïre ilifuta noti za 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Aliyekuwa kijijini mbali na benki alibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya: moja yake ilikuwa sawa na zaïre 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya leo, kwa zaïre mpya 100.000. Mzee aliyepita katika hayo yote akikuambia mbuzi ni benki, usimcheke.

Halafu vita. Mwaka 1996 wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine tukiwa bado mgongoni mwa mama. Si mara ya kwanza: wakati wa uasi wa 1964 wababu wetu walivuka maji hayohayo. Safari hii tuliingizwa kambini, Nyarugusu, na baadaye Lugufu. Kule kila mtu alikuwa na karatasi na mgao wake, na mtu angeweza kufikiri kusaidiana kumekufa. Wamama wanasimulia kinyume. Siku ya mgao, mama aliyejifungua ao nyumba iliyofiwa ilipata kopo la unga kutoka kwa kila jirani. Kopo moja tu. Lakini lilitoka katika chakula kilichokuwa tayari hakitoshi, na mtu aliandika nani ametoa. Kaye ya kwanza ya chama chetu ilizaliwa hapo, kwa unga.

Oktoba 2005 boti zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Tulishuka na blanketi, sufuria, jembe, shitingi na chakula cha miezi michache. Shamba la baba lilikuwa linalimwa na mwingine, nyumba ilikuwa majani. Na majirani waliobaki walituangalia vibaya. Mama mmoja alituambia waziwazi: "Siye tulibakia huku mu vita, tukakimbilia mu pori. Nyinyi muliikala kule, leo munarudia na shitingi mupya." Alikuwa na haki ya kusema vile. Msaada ulifuata karatasi, haukufuata njaa.

Kisanduku chenyewe kilikuja nyuma. Namna hiyo, tunayoiita AVEC, ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na wamama wa vijijini pamoja na shirika la CARE. Kwa hiyo kijana wetu tunamjibu: ufundi ulitoka kwa wamama Waafrika, na shirika lilisaidia. Watu 15 mpaka 25, kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Hisa ni za mwenyewe, anakopa na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pembeni kuna mfuko wa mshikamano, ambao haugawanywi: ni wa ugonjwa, kilio, moto.

Hapa lazima tuseme na kosa letu, hata kama wafadhili wanasoma. Kuna wakati mfuko wa mshikamano ulijazwa na msaada kutoka nje. Tulifurahi. Polepole watu wakaacha kutoa kotizasio: "Feza si iko?" Projet ikaisha, na sisi, watu wa kazi ya vijijini tuliosoma, hatukuwa tumeandaa chochote. Wiki chache baadaye mtoto alihitaji damu usiku. Tulifungua kufuli zote tatu, tukakuta karibu hakuna kitu. Tulizunguka nyumba kwa nyumba na tochi kuomba. Mtoto alipona; aibu ikabaki. Tangu siku ile kanuni ni moja: feza ya mfadhili haiingii mpaka ya wanachama imeingia, na haizidi ile waliyotoa wenyewe.

Swali la leo ni lile la mama wa shitingi. Ziwa lilipopanda 2020 na 2021, likameza nyumba za pembeni tangu Uvira mpaka Kalemie, maji hayakuuliza nani alikuwa Nyarugusu. Komite inapendekeza sehemu ya mfuko wa mshikamano isaidie pia jirani asiye mwanachama, aliyebaki ao aliyerudi, akiletwa na wanachama wawili wanaomjua. Wengine wanakataa: tutatoaje jasho letu kwa mtu asiyetoa? Hawana ubaya; wanakumbuka kisanduku kitupu. Sisi tunaunga mkono pendekezo, kwa sharti kwamba kiasi kiwekwe wazi mapema na kisiguse hisa za mtu.

Kura ni mkutano ujao. Kaye zote, pamoja na ile ya kopo za unga, ziko kwa sekretere. Anayetaka kuziona kabla ya kupiga kura, apite asubuhi.