Rangi Nyekundu Haisimamishi Gari

Wasee, leo tuongee kuhusu kalipa. Kile kidude kinachokaa nyuma ya rimu na kubana diski ukikanyaga breki. Pita Jumapili mahali vijana wamepaki Subaru zao na utaona kalipa nyekundu, za njano, za kijani, hata zambarau. Zinapendeza, sikatai. Lakini ukiuliza, "Mbona nyekundu?" jibu huwa ni lile lile: "Inakaa fiti."

Sawa. Ila hiyo rangi ilitoka mahali, na ukijua ilikotoka unaweza kuokoa maisha yako na ya wale umebeba.

Breki za diski ni za zamani kuliko babu yako. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili ubunifu wake mwaka wa 1902. Haukuvuma sana. Kwa miaka mingi gari ziliendelea kutumia dramu. Shida ya dramu ni joto. Kazi ya breki ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto, halafu kulitoa hilo joto. Dramu imejifunika, joto linabaki ndani, na ukikanyaga tena na tena breki inalegea. Diski iko wazi. Upepo unaipiga, inapoa.

Mambo yalibadilika Juni 1953 kule Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio za saa 24. Jaguar walileta C-Type zenye breki za diski walizotengeneza pamoja na Dunlop. Pale kulikuwa na barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, Mulsanne, halafu mwisho wake kona kali. Mwenye dramu alilazimika kupunguza mwendo mapema ili breki zake zifike asubuhi. Dereva wa Jaguar alingoja, akangoja, ndio akanyage. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Jaguar nyingine zikamaliza ya pili na ya nne. Kabla yao hakuna mshindi wa Le Mans aliyekuwa amefikisha wastani wa maili 100 kwa saa.

Kalipa zao zilikuwa rangi gani? Hakuna aliyeuliza. Swali lilikuwa kama zinashika.

Miaka miwili baadaye, 1955, Citroën wakatoa DS, mojawapo ya gari za kwanza za watu wa kawaida kuwa na diski za mbele zikitengenezwa kwa wingi. Na hizo diski zilifichwa kabisa ndani, karibu na giaboksi. Hata ungezipaka dhahabu, nani angeziona? Gari nyingi za enzi hizo zilikuwa na rimu za chuma zilizofunikwa na vifuniko. Kalipa ilikuwa kama figo: unajua iko, huioni.

Kilicholeta rangi ni rimu. Rimu za aloi zikawa kubwa, nafasi kati ya miguu yake zikapanuka, na ghafla kila mtu akaona kilicho nyuma. Kampuni ya Kiitaliano ya Brembo, iliyoanza 1961 karibu na Bergamo na kuingia Formula 1 na Ferrari mwaka wa 1975, ilikuwa tayari inatengeneza kalipa za alumini. Porsche 911 Turbo ya 1995, yenye nguvu za farasi 408, ikaja na kalipa kubwa nyekundu. Hiyo nyekundu ilikuwa na maana: gari hii ina kasi sana, na ina breki za kuizuia.

Kutoka hapo Porsche wakafanya rangi kuwa lugha. Njano, kuanzia 2001, ilimaanisha diski za kauri, zenye uzito wa karibu nusu ya zile za chuma. Kijani cha ndimu, 2013, ilikuwa ya haibridi kama 918 Spyder. Nyeupe ikaja 2017 na Cayenne, kuonyesha diski zilizopakwa tabaka gumu la tungsteni kabaidi. Ukiona rangi, unajua breki ni ya aina gani.

Wajapani nao hawakubaki nyuma. Mitsubishi Lancer Evolution V ya 1998 ilikuja na Brembo. Subaru Impreza STI za mwanzo wa miaka ya 2000 zikapata Brembo za rangi ya dhahabu. Hizo ndizo zilitufikia sisi, maana Kenya tunaishi kwa gari za mtumba kutoka Japani, ambazo hazifai kuzidi miaka 8 zikiingia. Wachache walipata STI yenyewe. Wengi walipata Impreza ya kawaida, wakanunua kopo la rangi na stika ya Brembo.

Hapo ndipo lugha ikageuka uongo.

Boyi wangu mmoja alifanya hivyo. Pedi zilikuwa zimeisha, alijua, zilikuwa zinalia. Lakini kulikuwa na safari ya mbogi kwenda Naivasha, na pesa ya pedi ikanunua rangi. Alipuliza kalipa zikiwa bado kwa gari, akaweka stika, akapiga picha. Tulikuwa wanne ndani. Tukishuka Mai Mahiu, kabla ya kile kikanisa cha Waitaliano, nikasikia harufu ya kuungua. Halafu nikaona uso wake. Pedali ilikuwa imezama hadi chini.

Akashusha gia, akavuta handbreki pole pole, tukasimama kando ya barabara huku lori zikitupita. Hakuna aliyeongea kwa dakika kadhaa. Fundi alipofungua alikuta pedi ni chuma kitupu, mafuta ya breki meusi kama kahawa, na rangi ilikuwa imeingia kwa pini za kalipa moja hadi ikagandiana. Ile breki ilikuwa inabana wakati wote, ikijipika.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka kwa hewa. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke hausukumi pistoni. Ndio maana pedali inazama.

Sasa, sisemi usipake. Rangi nzuri inazuia kutu, na kuna njia ya kuifanya kwa heshima. Toa kalipa, ioshe, isugue, ziba pistoni, pini na mahali pedi hukaa, tumia rangi ya kuvumilia joto. Ukitaka ile rangi ya unga, ambayo inarushwa kwa chaji ya umeme halafu inaokwa kwa karibu nyuzi 200, lazima kalipa ifunguliwe yote na raba zitolewe, la sivyo zitaungua. Ukiirudisha, weka raba mpya na utoe hewa kwa mfumo. Na tafadhali, usibandike vile vifuniko vya plastiki vya "Brembo". Vinafunika kitu ambacho kazi yake ni kupoa.

Lakini pedi kwanza. Mafuta ya breki pili. Rangi mwisho. Boyi wangu sasa ana pedi mpya, na zile kalipa bado ni nyekundu, ila stika aliitoa mwenyewe.

Breki zako zikishakuwa fiti, paka hata pinki. Nitakuja nikupige picha.