Kutoka Ukaguzi wa Afya hadi Riwaya ya Upelelezi: Njia ya Muhammed Said Abdulla

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kumtazama Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, kama kivuli cha Sherlock Holmes. Ushahidi si haba: kiko mdomoni, mwandani wake Najum, na fumbo linalofumbuliwa kwa mantiki. Hata hivyo, mtazamo huo huisahau kazi aliyoifanya mwandishi kabla ya kushika kalamu.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa na Idara ya Afya, akawa mkaguzi kwa miaka kumi. Ukaguzi ni kazi ya kitaalamu: bwana afya huingia majumbani, hutazama visima na vyoo, na huutafuta mwanzo wa maradhi katika vitu vinavyoonekana, hata pale ambapo wengine humtaja shetani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Ali anakutwa amekufa penye mzimu, na Bwana Msa hakubali kuwa wafu ndio waliomwua. Desturi hiyo ya kudai sababu ya kidunia yaelekea ilitoka kazini sawa na ilivyotoka vitabuni.

Arthur Conan Doyle naye alikuwa daktari. Mwaka 1891, visa vya Holmes vilipoanza kuchapwa katika The Strand Magazine, aliacha udaktari ili aishi kwa kalamu. Abdulla hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa Zanzibari. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapwa mwaka 1960. Lakini ushindi huo haukumtoa katika ajira. Tangu 1958 alilihariri jarida la Mkulima, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Mwaka huo wa 1968 ndipo ilipotoka riwaya ya pili, Kisima cha Giningi. Zikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976): riwaya nne katika miaka minne, ilhali miaka minane ilizitenga mbili za kwanza. Hivyo, uhakiki unaopima athari za kigeni peke yake haueleweshi kwa nini fani hii ilikua polepole hapo mwanzo. Mwandishi wake wa kwanza mashuhuri aliubadilisha ujuzi wa ukaguzi kuwa sanaa, lakini muda wa kuitumikia sanaa hiyo kwa ukamilifu aliupata uzeeni.