Mtandao usio na mnara

Neno mtandao limetokana na kitenzi tanda, yaani kuenea na kufunika, ndiyo maana naona linaifaa zaidi teknolojia isiyotegemea mnara wa simu. Mwaka 2014 waandamanaji wa Hong Kong, wakihofia kukatiwa intaneti, walitumia programu ya FireChat: simu ilipokea ujumbe kwa Bluetooth, ikaurusha kwa simu ya jirani mita kadhaa mbele, nayo ikaupokeza kwa nyingine, mpaka ukatanda katika umati. Watakuwepo wa kusema kwamba kupokezana huku huchelewesha ujumbe na kumaliza chaji, na watu wakitawanyika mawasiliano hukatika. Ni kweli. Lakini mnara ukizimwa, wanaoutegemea wote hunyamaza. Hapa simu moja ikizimika, ujumbe hupitia nyingine. Basi mtandao wa aina hii tuuite mtandao wa kupokezana.